Miguu ya nyuma ya trela: shajara ya kazi, Malindi

Jumamosi, 7 Februari

Naanza kuandika leo manake juzi Alhamisi nimeona kitu ambacho sitaki kukiona tena. Tulikuwa Casuarina, kazi ya kuchimba shimo la maji machafu kwenye nyumba inayojengwa, ikaisha salama kama saa kumi jioni, tukaanza kupakia. Trela ni ileile yangu ya ekseli mbili, na mashine ni kile kieskaveta cha kilo 1,700, mpwa wangu ndo yuko juu anaendesha, mimi nimesimama pembeni namwongoza kwa mkono. Kazi tuliyoifanya mara nyingi mpaka tumeizoea, na nadhani hapo ndipo shida ilipo.

Zile cheni za mpira ambazo mashine inatembelea zikapanda rampu vizuri, zikafika pale rampu inapoishia na sakafu ya trela inapoanzia, uzito wote ukawa umekalia ule ukingo wa nyuma. Nikasikia chuma kinalia huku mbele. Kutazama, nyuma ya pikapu imeinuka, tairi zote mbili za nyuma haziko chini, na gari lishaanza kutambaa lenyewe kwenda upande wa bahari kwa sababu pale mahali pana mteremko kidogo. Hendibreki nilikuwa nimeivuta mpaka mwisho, lakini hendibreki inashika tairi za nyuma, sasa tairi za nyuma zikiwa juu hendibreki inashika nini? Na mbele ya pikapu palikuwa na kijana wa saruji ameinama ananawa mikono kwenye ndoo.

Nikapiga ukelele, kijana akaruka pembeni, na mpwa wangu badala ya kusimama akaongeza mwendo, mashine ikavuka ekseli, pikapu ikarudi chini kwa kishindo. Imetambaa kama hatua mbili tu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lau angekanyaga kurudi nyuma sijui ningekuwa naandika nini saa hii. Usiku sikulala vizuri, kila nikifumba macho naiona ile ndoo.

Trela haitoki tena mpaka iwe na miguu ya nyuma, yaani vyuma vya kuushikilia ukingo wa nyuma usizame wakati wa kupakia. Kazi mbili nimeziahirisha, wenyewe nimewapigia simu nikawaeleza sababu, mmoja akaelewa, mmoja akakasirika, sawa.


Jumapili, 8 Februari

Leo nimechukua futi nikapima kila kitu, maana hapo nyuma nilikuwa nakisia tu.

Kutoka boli la kuvutia, pale trela inapofungwa kwenye pikapu, mpaka katikati ya ekseli mbili ni mita 3.2. Kutoka hapo katikati mpaka ukingo wa nyuma ni mita 1.6, yaani nusu yake kamili. Sasa mashine ikikalia ukingo wa nyuma, trela inakuwa kama ile pembea ya ubao ya watoto, huku kukishuka kule kunapanda, ekseli ndo mti wa katikati. Kilo 1,700 mara 1.6 gawanya kwa 3.2 unapata 850. Yaani pale mbele kwenye boli kuna kilo 850 zinazosukuma juu. Toa zile kama kilo 80 ambazo mkono wa mbele wa trela tupu unalikandamiza boli, bado zinabaki 770, na hizo zinaweza kunyanyua nyuma ya pikapu tupu. Na sisi siku ile nyuma ya pikapu tulikuwa na dumu la dizeli na koleo mbili tu.

Nimeandika hii hesabu kwenye kadibodi nikamwonyesha mpwa wangu. Akaitazama muda, akaniambia, "Mjomba, kumbe kila siku tulikuwa tunapita kwenye ukingo." Ndio. Siku nyingine tulikuwa kwenye ardhi tambarare, au mwendo ulikuwa wa haraka uzito ukavuka kabla gari halijainuka sana, tukadhani tunajua kupakia.

Kingine nilichopima ni rampu. Sakafu ya trela iko sentimita 62 kutoka chini, rampu zangu zina mita 1.8, hiyo inakupa mwinuko wa digrii 20. Kitabu cha mashine kinataka isizidi 15. Kwa digrii 15 nahitaji rampu za mita 2.4. Hiyo ni kazi ya baadaye, kwanza miguu.


Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda kwa mzee wangu wa kuchomea kule Maweni, yule aliyenitengenezea sakafu ya trela mwanzo. Nilikuwa na michoro yangu mitatu.

Mchoro wa kwanza ulikuwa jeki za kuzungusha, moja kila pembe. Mzee akakataa hata kabla sijamaliza kueleza. Anasema parafujo za jeki kwa hapa pwani ni mwaka mmoja tu, mchanga unaingia, chumvi ya hewani inakula grisi, halafu siku una haraka mpini hauzunguki, na mtu akiwa na haraka na mguu haushuki atapakia bila mguu. Hilo la mwisho ndo lililonigusa. Kifaa cha usalama kikiwa kigumu kutumia watu hawatakitumia, na sisi wenyewe tulipakia miaka bila chochote.

Mchoro wa pili, mguu wa kukunja wenye bawaba, unaanguka wenyewe chini. Huo ni mwepesi, ila urefu wake ni mmoja, na ardhi zetu si moja. Casuarina mchanga, Watamu mwamba wa matumbawe, ukipanda Magarini udongo mwekundu ambao ukinyesha unakuwa kitu kingine kabisa. Mguu wa urefu mmoja siku moja utaning'inia, siku nyingine utagonga chini kabla ya wakati.

Wa tatu ndo tuliokubaliana: skwea tubu (bomba la pembe nne) ndani ya skwea tubu, na pini. Ya nje 60 kwa 60, ukuta wa milimita 4, ya ndani 50 kwa 50. Ndani ya ile ya nje inabaki nafasi ya 52, kwa hiyo inacheza milimita mbili, inatosha kwa rangi na mchanga kidogo.

Halafu mzee akaniambia kitu ambacho sikukubaliana nacho. "Mwanangu, mguu usikanyage chini kabla ya mzigo. Uachie pumzi." Mimi nikasema mzee, si ndo maana ya mguu, ukanyage uwe imara? Tukibana kabisa trela haitikisiki hata kidogo. Akacheka kidogo akasema haya, jenga kwanza, mguu wenyewe utakufundisha.


Ijumaa, 13 Februari, baada ya swala

Vyuma nimepata. Tubu ya 60 ni mpya, nimechukua kipande dukani, ya 50 nimepata kwa muuza chuma chakavu ikiwa nzuri kabisa, nimeipiga kwa nyundo mwanzo hadi mwisho kusikiliza kama kuna mahali pameoza ndani. Sauti moja yote. Nilitaka kuchukua bomba la mabati manake haliliwi na kutu haraka, mzee akanizuia, ule mng'aro wa juu ni zinki, ukiuchoma moshi wake unakuletea homa usiku ule ule, unatetemeka kama mtu wa malaria. Ukitaka kuchomea mabati lazima usage zinki yote kwanza pale pa kuchomea na ufanyie mahali penye upepo. Tumebaki na chuma cheusi.

Shida ya leo: tubu ya ndani haikuingia. Kwenye karatasi kuna nafasi ya milimita mbili, lakini ndani ya tubu ya nje kuna ule mshono wa kiwandani, umenyanyuka kama mstari, ndo unaozuia. Kijana wa pale akataka kuipiga kwa nyundo iingie. Nikamwambia hapana, ikiingia kwa nyundo itatoka kwa nini? Tukafunga tupa bapa kwenye ubavu wa nondo kwa waya, tukawa tunasugua kutoka mwisho huu na mwisho ule. Tubu ya nje ina sentimita 35 tu kwa hiyo tupa inafika katikati pande zote. Imechukua mpaka magharibi kwa miguu miwili. Saa hii ukiinyanyua na kuiachia inashuka yenyewe, tk, hadi chini. Nimefurahi sana na ule mlio.


Jumapili, 15 Februari

Siku ya matundu. Hapa nataka kueleza vizuri kwa sababu ndo kitu kimoja cha hii kazi ninachokionea fahari.

Pini ni shafti ya milimita 16. Matundu tumetoboa ya milimita 17. Ukitoboa matundu kila sentimita 5 kwenye tubu ya ndani, mguu utapanda na kushuka kwa hatua za sentimita 5, hizo ni kubwa mno, unakuta tundu hili mguu uko juu sana na linalofuata umezama. Ukitoboa kila sentimita 2.5 unaidhoofisha tubu, inakuwa kama kichungio. Sasa tulichofanya, tubu ya ndani matundu kila sentimita 5, lakini tubu ya nje ina matundu mawili, yameachana sentimita 7.5. Tundu la juu likikataa la chini linakubali. Kwa hiyo unapata hatua za sentimita 2.5 bila kuongeza matundu kwenye mguu. Mpwa wangu hakuamini mpaka alipojaribu kwa mkono wake, akawa anapandisha na kushusha kama mtoto aliyepewa gari.

Nguvu ya pini nimeihesabu pia. Pini ya 16 mzigo unajaribu kuikata sehemu mbili kwa wakati mmoja, chuma cha kawaida, inafika karibu tani 6 kabla haijaanza kupinda. Lakini si pini itakayoshindwa kwanza, ni tundu lenyewe kwenye ukuta wa milimita 4, hilo linaanza kutanuka kama tani 3 na kitu. Mzigo mbaya kabisa ninaoweza kuufikiria ni mashine nzima juu ya mguu mmoja, kilo 1,700. Tuko ndani, ila si kwa raha ya kubweteka, kwa hiyo kila mwezi nitakuwa naangalia yale matundu kama yameanza kuwa yai.

Pini zina mnyororo mfupi ili zisipotee, na kipini cha usalama mwisho.


Jumatatu, 16 Februari

Kuchomea. Kabla ya kugusa trela tumefanya mambo mawili. La kwanza, plagi ya taa tumeichomoa na trela tumeitenga kabisa na pikapu. La pili, klempu ya athi, ile ya kurudishia stima kwenye mashine ya kuchomea, tumeibana palepale karibu na mshono, chuma kikiwa kimesagwa mpaka kinang'aa. Ukiibana mbali, mbele kwenye mkono kwa mfano, au kwenye rimu, stima inaweza kujitafutia njia kupitia beringi za tairi, inaziunguza vidoadoa ndani, na wewe hutajua mpaka uko njiani na mzigo. Vijana wengi hawalijui hili.

Kutu ya pembe za nyuma ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Hii hewa yetu haina huruma na chuma. Grainda imekula diski mbili kabla hatujafika kwenye chuma kizima, na upande wa kushoto tulilazimika kukata kipande cha chesisi kama kiganja na kuweka kiraka. Ningechomea mguu juu ya ile kutu ungeng'oka na chesisi yake.

Rodi ni za geji 10, mishono miwili kila upande, wa kwanza wa kuzama, wa pili wa kufunika. Kati ya mshono na mshono tumegonga ule ukoko wote na kupiga brashi. Halafu mhimili wa anglaini (chuma cha pembe) ya 40 kwa 40 kutoka chini ya tubu ya nje kwenda mbele kwenye chesisi, wa mshazari. Mhimili huu watu huusahau. Mashine ikianza kupanda rampu haisukumi chini tu, inaisukuma trela kwenda mbele pia, na mguu uliosimama wima bila mhimili unapinda pale unapotokea kwenye chesisi. Kutoka mguu mpaka mguu tumevusha tubu nyingine nyembamba ili isiwe kila mmoja anapambana peke yake.

Stima ilienda saa nane mchana, ikarudi saa kumi na moja. Tukamaliza kwa taa ya simu na kuswali isha palepale karakana.


Jumatatu, 23 Februari

Mwezi mtukufu umeingia. Mzee anafungua karakana baada ya tarawehe, mchana na hili joto la kaskazi hakuna anayeweza kuvaa ngao ya macho na mdomo mkavu. Rangi tumepiga, kwanza red oksaidi ya kuzuia kutu mara mbili halafu nyekundu ya kung'aa kwa miguu peke yake, nataka ionekane. Chini ya kila mguu kuna bamba la sentimita 12 kwa 12, unene milimita 10, na kitundu kidogo cha kutolea maji ili yasikae ndani ya tubu.

Jaribio la kwanza leo usiku kwenye uwanja wa nyuma wa karakana, mchanga ulioshindiliwa. Nikashusha miguu nikaibana chini kabisa, kama nilivyotaka mimi. Tena nikaona hatua ya tundu haitoshi nikachomeka vipande vya mbao mpaka hakuna hata unyasi unaopita. Mpwa wangu akapanda polepole. Pikapu haikuinuka hata unywele. Nikajisikia mtu.

Halafu tukajaribu kutoa pini.

Hazikutoka. Mashine iko juu, imekaa mahali pake pa kawaida, springi zimelala, trela yote imeshuka, na ule uzito uliotakiwa uwe kwenye tairi sasa umekalia miguu. Pini zimebanwa kama zimechomewa. Nyundo haikusaidia. Ikabidi tuchukue jembe na kuchimba mchanga chini ya zile mbao, tunalala kifudifudi nyuma ya trela yenye mzigo wa tani moja na nusu na zaidi, saa tano usiku. Yaani nimetengeneza kitu cha usalama kinachonilazimisha kuingiza mkono mahali pa hatari kabisa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kibao anakunywa kahawa, hakusema neno. Nikamwendea nikamwambia, mzee, nimeelewa pumzi. Akasema, "Sasa pima pumzi yako ni kiasi gani."


Jumamosi, 28 Februari

Tumepima. Alama ya chaki kwenye ukingo wa nyuma, fimbo imesimamishwa pembeni, trela tupu, halafu trela na mashine ikiwa imekaa mahali pake. Ukingo wa nyuma unashuka milimita 22. Hiyo ndo hesabu yote. Mguu ukiachiwa nafasi chini ya 22 utabanwa mzigo ukishatulia. Ukiachiwa zaidi ya hapo, mguu utagusa chini pale tu ambapo mashine iko kwenye ukingo, utabeba ule uzito wa ukingoni, na mashine ikisogea mbele ya ekseli trela inajiokota yenyewe na mguu unabaki huru.

Na kiwango cha juu cha nafasi? Kila sentimita ukingo wa nyuma unapozama zaidi ya ekseli, boli la mbele linapanda kama sentimita mbili, kwa sababu mkono wa mbele ni mrefu mara mbili. Kwa hiyo nafasi ikizidi sana pikapu inaanza tena kuinuka. Tukakubaliana na mzee: isipungue vidole viwili vya mkono, isizidi vitatu na ushei. Vidole kwa sababu vidole hakuna anayevisahau nyumbani. Na kwa hatua zile za sentimita 2.5 kila mara kuna tundu litakaloangukia humo.

Kwa mchanga nimeongeza vibao viwili vya mbambakofi, mabaki niliyopewa na seremala wa milango, 30 kwa 30, unene sentimita 5. Bamba la 12 kwa 12 peke yake likibebeshwa kilo 850 ni karibu kilo 6 kwa kila sentimita mraba, linaingia kwenye mchanga mkavu kama kisu. Ukiweka kibao inashuka chini ya kilo 1. Vidole unapima juu ya kibao.

Jaribio la pili, vidole viwili na nusu. Nilimweka mtu na fimbo kwenye bampa ya pikapu. Mashine ilipofika ukingoni trela ikashuka taratibu, nikasikia miguu yote miwili inagusa mbao kwa pamoja, ikasimama. Pikapu ilipanda sentimita 2. Mbili! Mashine ikasogea mbele, na mimi nikiwa nimesimama wima nikachomoa pini kwa vidole. Tukarudia mara nne, mara ya nne tukamwachia mpwa wangu asimame juu ya ukingo na kuzungusha mkono wa mashine pole pole kushoto na kulia. Mguu wa kulia ulizama kidogo, nilipopima kwa futi ni milimita 7. Mshono hauna ufa hata mmoja, nimeupaka vumbi la chaki na kuutazama kwa tochi.


Alhamisi, 12 Machi

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa Jumanne, haikuwa na shida. Leo imekuwa na shida na nitaiandika kama ilivyo.

Tulikuwa Ganda, tukapakia, tukaifunga mashine kwa cheni, tukaswali alasiri, tukarudi, nikawasha gari nikaondoka. Mguu wa kushoto ulikuwa bado uko chini. Pumzi ilikuwepo kwa hiyo sikuhisi chochote kwenye gari, tukaenda kama mita 20 hadi penye tuta la njia ya ng'ombe, bamba likakwama, mguu ukapinda. Kosa ni langu, mimi ndo niliyetakiwa kuzunguka trela kabla ya kuingia kwenye gari. Wallahi nilimlaumu mpwa wangu kwa dakika mbili halafu nikamwomba radhi.

Mhimili umeokoa chesisi. Kilichopinda ni tubu ya ndani tu, nayo inabadilishwa bila kuchomea kitu, unachomoa na kutia nyingine. Tumeikata jioni hii, matundu yatatobolewa kesho.

Suluhisho tulilolipata ni dogo. Kwenye tubu ya nje ya kushoto mzee amechomea ndoano. Kabla ya kushusha miguu, funguo ya pikapu inatundikwa kwenye ile ndoano, na haitoki hapo mpaka miguu yote miwili iko juu na pini zimefungwa. Huwezi kuondoka bila kwenda nyuma. Funguo ya pili nimeiacha kwa mke wangu nyumbani, ili nisijidanganye.


Jumanne, 24 Machi

Idi imepita, kazi zimefunguka. Leo tulikuwa Watamu upande wa Timboni, mahali ambapo ukipiga jembe unapiga jiwe. Hapa vibao havikuhitajika kwa kuzama lakini nimeviweka hivyo hivyo, kwa sababu mwamba una meno, bamba likikalia jino moja linateleza. Ardhi ilikuwa ya kuegemea upande, mguu wa kulia umeshuka tundu mbili zaidi ya wa kushoto. Ndo nikaona faida ya tubu na pini, ule mguu wa bawaba leo ungekuwa hewani.

Nimemwekea mpwa wangu utaratibu na ameukariri mwenyewe, bila karatasi. Trela na pikapu zinyooke mstari mmoja. Magogo mbele na nyuma ya tairi za pikapu, magogo kwenye tairi za trela, miguu si badala ya magogo. Kipini cha boli kifungwe. Funguo kwenye ndoano. Miguu chini, vidole viwili juu ya kibao, kila upande apime mwenyewe, asikubali maneno ya mtu. Hakuna kiumbe mbele ya pikapu wala nyuma ya rampu. Mkanda wa kiti. Halafu apande, na akishaanza asisimame ukingoni.

Leo kulikuwa na watoto wa mtaa wamekuja kutazama, wamejipanga mbele kabisa ya gari kama wanaotazama mpira. Aliwashusha wote mpaka kwenye kivuli cha mwarobaini, akangoja mpaka wa mwisho ametoka, ndipo akapanda mashine. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshika futi nikamwangalia tu.

Yaliyobaki: rampu za mita 2.4, chuma nshaagiza, nataka zimalizike kabla ya masika kushika. Rifleka nyekundu na nyeupe kwenye ile tubu iliyovuka nyuma, ya zamani ilitoka wakati wa kusaga. Tundu la pili la mguu wa kulia limeanza kung'aa upande mmoja, nimelipima, bado ni 17 kote, nitalipima tena mwezi ujao. Na yule mwenye kazi aliyekasirika Februari amenipigia leo, Jumamosi tunakwenda kwake, mchanga mtupu, kwa hiyo nimemwomba seremala vibao vingine viwili.